Hoja za Kubaki, Hoja za Kurudi

Ilala, Dar es Salaam
8 Septemba 2024

Dada Eva,

Shikamoo. Na Tumsifu Yesu Kristo, maana nimeambiwa barua zenu hupitia kwa mlezi kabla hazijafika mikononi mwenu. Kwa hiyo na wewe Sista Gaudensia, mlezi wa wanovisi, shikamoo. Mimi ni Hyasinta, mdogo wake Evarista, nasoma sheria mwaka wa tatu, na sina ubaya na mtu.

Huku hatujambo. Mama anakohoa kwa vumbi la barabara wanayochimba hapa nyuma, na hospitali hataki kwenda, anasema kwenye foleni atapata kikohozi kingine juu ya hiki. Lakini kwa ajili yako amepona kabisa. Jumuiya nzima inajua kwamba mwakani utaweka nadhiri za kwanza na yeye ataitwa mama wa sista. Ameshakwenda dukani kwa Mzee Kishor, pale Msimbazi ulipokuwa unauza, kuchagua vitenge vya sare. Mama Urmila, mke wa Mzee, alimkunjulia jora baada ya jora bila kuchoka, na anakusalimia sana. Anasema tangu uondoke hajapata muuzaji anayekunja kitenge bila kununa.

Kitanda chako Mama alitaka kumpa mtoto wa mama mdogo. Nimemwambia nakiwekea vitabu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Unakijua Chama chetu cha Wanafunzi wa Sheria za Kimataifa, kile ulichokuwa ukikicheka kwamba jina lake ni refu kuliko idadi ya wanachama. Bado ni hivyo. Mwaka huu mwenyekiti ni Mwanne Uwesu, dada mmoja wa Lindi asiyecheka ovyo, na ametuandikisha kwenye mashindano ya vyuo ya mahakama ya mazoezi. Mtu akiniuliza hiyo mahakama ni kitu gani, namwambia ni mchezo wa watu wazima. Mnapewa ugomvi wa nchi mbili ambazo hazipo duniani, mnavaa suti, mnasimama mbele ya majaji na kubishana kama vile kesho vita vitaanza.

Ugomvi wa mwaka huu ni wa Taveya na Mirumbo. Mwanamke mmoja raia wa Taveya ameingia ubalozi wa Mirumbo kwa miguu yake mwenyewe na amekataa kutoka. Taveya inasema arudishwe nyumbani. Mirumbo inasema haimtoi. Kwenye karatasi hana jina, anaitwa Mhusika.

Kinachonikosesha raha ni utaratibu wenyewe. Timu ileile inatetea Taveya asubuhi, halafu mchana inageuka na kuitetea Mirumbo. Ketan, yule kijana wa Mzee Kishor tuliye naye timu moja, anaona ni jambo la kawaida, anasema baba yake humsifia mteja kitambaa chekundu na mteja akigeuka humsifia cha bluu. Mimi naweza, Dada, na ndiyo shida yangu. Naweza pande zote mbili bila kujikwaa, mpaka wameanza kuniita Pande Mbili. Wakati mwingine nasikia fahari. Wakati mwingine nikiwa narudi nyumbani najiuliza mwenyewe naamini nini, na sipati jibu mpaka nafika mlangoni.

Chuoni chumba chetu wamepewa watu wa mpira, kwa hiyo Jumapili tunafanya mazoezi kwenye stoo ya Mzee Kishor, katikati ya marobota. Yeye ndiye jaji. Anagonga meza kwa ile mita ya mbao ya kupimia vitambaa, halafu anasinzia.

Una furaha huko? Nijibu kweli.

Mdogo wako,
Hyasinta


Unovisi, Songea
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sinta,

Marahaba. Milele amina. Sista Gaudensia anasema marahaba na yeye, na anasema hajawahi kusalimiwa ndani ya barua ya mtu mwingine tangu aanze kazi hii.

Barua yako ilichelewa kwa sababu gari la masista liliharibika na hakukuwa na mtu wa kwenda posta. Nimefurahi kusikia Mama anatembea. Mwambie achemshe tangawizi, na asikae mlangoni vumbi likitimka. Huku baridi imeanza kupungua. Tunaandaa mashamba, mvua si mbali. Mimi nimepewa zizi la nguruwe pamoja na mwenzangu mmoja wa Mbinga, na tumeanza kuzoeana, sisi na nguruwe, maana mwenzangu bado ananiogopa kwa kuwa nimetoka Dar.

Nimecheka sana kuhusu Mzee Kishor. Alikuwa akisinzia hata mteja akiwa anahesabu hela mbele yake. Mama Urmila mpe salamu, mwambie siri ni kukunja huku unawaza kitu kingine.

Hiyo kazi yako ya kutetea pande mbili nimeifikiria. Hapa tunafundishwa kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Lakini sikulaumu. Nadhani hata mimi dukani nilisifia vitenge vingi nisivyovipenda.

Uliniuliza kama nina furaha. Nguruwe mkubwa amezaa, na watoto wote wako salama. Tumeshukuru sana.

Omba kwa ajili yangu,
Evarista


Ilala, Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Dada Eva,

Shikamoo. Sista Gaudensia, shikamoo.

Mama kikohozi kimepungua, tangawizi imesaidia au barabara imekwisha, hatujui. Vitenge vimeshonwa. Vina maua makubwa ya njano, na Mama amejaribisha cha kwake mbele ya majirani wote. Nilimwambia misa yenyewe haijapangiwa tarehe, akanijibu kwamba mimi siku zote nina pingamizi.

Dada, nimekuuliza kama una furaha, umenijibu nguruwe amezaa. Ketan nimemsomea sehemu hiyo, samahani, ilinishinda kukaa nayo peke yangu. Alicheka, halafu akasema, "Huyo ni shahidi anayekwepa." Mimi sikucheka. Nakujua. Baba alipofariki watu walikuuliza unaendeleaje, ukawaambia maji yamekatika.

Sina hamu ya kukuhoji. Ni kwamba situlii. Chamani mambo yamechachamaa. Mwanne anatufunga kwa kanuni, na kanuni mbili hazivunjwi. Ya kwanza, wakili haongezi jambo lisilokuwemo kwenye kumbukumbu za shauri. Kilichoandikwa ndicho kilichopo, kisichoandikwa hakikutokea. Ya pili, wakili hasemi "mimi nadhani" wala "mimi nataka". Anasema "upande wetu unaona". Jumapili iliyopita nilijisahau nikasema nadhani, na Mzee Kishor, ambaye nilidhani amelala, akagonga mita mezani na kusema, "Nani kakuuliza wewe?" Wote walicheka mpaka vijana wa mikokoteni wakachungulia dirishani. Mimi nilirudia sentensi yangu kwa usahihi na kuendelea.

Sikukuu ya Umoja wa Mataifa tunaandaa mjadala, tumealika watu, tunajua watakuja kwa sababu ya soda. Baada ya hapo ni maandishi. Kila timu inaandika vitabu viwili vya hoja, kimoja kwa kila nchi, na haviruhusiwi kuchanganywa hata kwenye bahasha. Mwanne ananipa mimi kuandika vyote viwili. Anasema ninapoandika upande nisioupenda ndipo ninapokuwa hatari, kwa sababu nauhurumia na kuufanyia kazi zaidi. Sikujua kama ni sifa au tusi.

Nina swali moja tu la kisheria. Mnovisi akitaka kuondoka, anaruhusiwa? Nauliza kwa ajili ya elimu.

Hyasinta


Unovisi, Songea
17 Novemba 2024

Sinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Nasikitika kwa kuchelewa, barua hii nimeianza mara nyingi.

Mvua zimekuja. Mahindi tumeyapanda. Mwenzangu wa Mbinga ameondoka, alirudi kwao wiki mbili zilizopita, kwa hiyo zizi ninalo peke yangu. Jibu la swali lako la elimu ni hilo. Mnovisi anaruhusiwa. Anaambiwa asante, anasindikizwa mpaka kituo cha basi, na hakuna anayemsema vibaya.

Mlezi anajua ninayotaka kukuandikia, nimemweleza kabla. Amesema niandike. Kabla ya Krismasi inatupasa kila mmoja kupeleka ombi la kuweka nadhiri, au kutolipeleka. Wenzangu wameshapeleka. Mimi nakaa na karatasi mbele yangu. Jioni tukiwa kwenye sala, sisemi kila jioni, nasikia Kariakoo. Nasikia wale wa vipaza sauti wakitaja bei, vyuma vya milango vikiteremshwa. Halafu nashangaa nikikuta midomo yangu bado inasali, inasali vizuri, haijakosea hata neno. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Siwezi kumuuliza Mama, ameshashona. Masista hapa ni watu wema lakini wao walishajibu. Nimekukumbuka wewe na Chama chenu. Nitetee, Sinta. Niandikie kama mnavyoandika huko, upande wa kubaki na upande wa kurudi, kila mmoja kwa nguvu yake yote, bila kunionea huruma. Nitasoma kama jaji. Sitasinzia.

Dada yako,
Eva


Ilala, Dar es Salaam
1 Desemba 2024

[Bahasha ya kwanza]

HOJA ZA KURUDI

Upande huu unaona kwamba Evarista anapaswa kurudi Dar es Salaam, kwa sababu zifuatazo.

Makubaliano hayawi halali kama mmoja aliyakubali akiwa hana nafasi ya kukataa. Evarista aliomba kuingia shirikani katika mwaka ambao baba yake alizikwa. Alikuwa akilala kwa shida na hali chakula. Mtu aliye katika hali hiyo hutafuta mlango wowote wenye ukimya nyuma yake. Upande huu hausemi kwamba alidanganywa. Unasema kwamba aliyetia saini hakuwa yeye mzima.

Pili, mama yake ni mtu mzima na kifua chake si imara. Watoto ni wawili. Mmoja akifungwa na nadhiri, mzigo wote unaangukia kwa mwingine, ambaye hakuulizwa.

Tatu, Evarista alikuwa na kipawa cha watu. Wateja walikuwa wakipita maduka mengine yote Msimbazi ili wahudumiwe naye, na wengine walikuja bila haja ya kununua. Kipawa hicho hakina kazi zizini.

Mwisho, yeye mwenyewe amesema anasikia soko wakati wa sala. Upande huu unaamini sikio la mtu haliwezi kushurutishwa.


[Bahasha ya pili]

HOJA ZA KUBAKI

Upande huu unaona kwamba Evarista anapaswa kubaki na kuweka nadhiri.

Upande wa pili utasema hana uhakika. Na tuulize, nani huahidi akiwa na uhakika? Nchi mbili zinazopendana hazihitaji mkataba. Mkataba huandikwa kwa ajili ya ile asubuhi ambayo mmoja ataamka hataki tena, na wote wawili wanaijua asubuhi hiyo siku wanapotia saini. Anayengoja mpaka shaka iishe ndipo aahidi hatakuwa ameahidi kitu. Atakuwa ametaja tu hali yake ya siku hiyo.

Evarista anatishika kwa sababu midomo yake inasali wakati moyo uko Kariakoo. Upande huu unaona kinyume. Midomo iliyoendelea kusali bila msaada wa moyo ndiyo iliyoonyesha uaminifu jioni ile. Moyo ulienda sokoni, midomo ikabaki kulinda nyumba. Mama yake alipika kila siku baada ya msiba, akiwa hana hamu ya chakula, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyemwambia kwamba chakula kile ni cha uongo.

Kuhusu majonzi, upande huu unakiri kwamba aliingia akiwa analia. Lakini amekaa miaka miwili baada ya machozi kukauka. Mlango haukufungwa. Mwenzake wa Mbinga ametoka kwa mlango huohuo na akasindikizwa kwa heshima. Kila asubuhi ambayo Evarista hakutoka, alitia saini upya, na safari hizi hakuna aliyemsukuma.

Kuhusu mama yake, mama yake anataka hivi. Kuhusu kipawa, anayeweza kumfanya mteja aliyekuja kugombana aondoke anacheka anahitajika pia mahali ambapo watu wagonjwa na waliochoka hugonga mlango.

Upande huu unaomba abaki.


Unovisi, Songea
22 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Heri ya Noeli kwako na kwa Mama. Bahasha zako zilifika zote mbili siku moja. Sista Gaudensia alinipa akasema ungefaa kuhubiri, na kwamba hajui ni upande gani ungeuhubiri.

Nilizisoma jinsi ulivyotaka zisomwe. Asante kwa kazi uliyofanya, najua ulikuwa na mitihani. Nimepeleka ombi na limekubaliwa. Nadhiri ni tarehe 25 Januari, hapahapa, misa itaanza asubuhi. Mama aje mapema, barabara ya huku mvua zikizidi mabasi yanachelewa. Sisi tutaingia mafungoni wiki moja kabla, hatutaongea na mtu wala kupokea barua mpaka misa iishe.

Lile la mkataba na asubuhi ya kutotaka nimelinakili kwenye kitabu changu cha sala.

Utakuja?

Evarista


Ilala, Dar es Salaam
19 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Mama anakuja na barua hii mkononi, ataondoka keshokutwa na akina mama wa jumuiya, wote na yale maua yao ya njano. Najua mko mafungoni, ila nimemwambia atafute namna akukabidhi kabla ya misa. Nimemkumbusha mpaka amenikasirikia.

Mimi siji. Fainali za mashindano ni tarehe hiyohiyo 25, hapa Dar. Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Mwanne nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama unaenda, nenda. Ila niambie leo, nijue namwambia nini Ketan." Nikasema nitafikiri. Nimefikiri kwa wiki tatu, ndiyo kazi niliyofanya, na mwisho nikajikuta nimebaki bila kuamua. Hivi ndivyo nilivyo siku hizi.

Sikiliza. Usizisome tena zile hoja za kubaki. Zilikuwa ufundi tu. Nilianza na za kurudi, zikatoka zenyewe, nikaziona zinatosha. Halafu nikaja kwenye za kubaki na sikuwa na chochote, na unajua ninavyokuwa nikikosa. Niliona vibaya upande mmoja uwe mnyonge. Nikazifanyia kazi, nikachana, nikaandika upya. Nilipopata lile la mkataba nilisimama nikazunguka chumba kwa furaha, Dada. Nilifurahi. Sikukumbuka kabisa kwamba ni wewe. Nilikuwa nashinda.

Sasa nasema lisilokuwemo kwenye kumbukumbu. Mimi nataka urudi. Sina sababu ya pili. Mama atapona au hatapona, duka lina wauzaji, sheria haina la kusema. Nataka urudi nyumbani kwa sababu tangu uondoke sina mtu wa kuongea naye ambaye sihitaji kumshinda. Kitanda chako hakina kitabu hata kimoja juu yake, nilimwongopea Mama. Kila basi la Songea likipita natazama kama punguani.

Ukiamua kubaki, baki. Lakini usibaki kwa maneno yangu.

Sinta


Ilala, Dar es Salaam
26 Januari 2025

Dada Eva,

Leo ni Jumapili, umeshakuwa sista au hujawa, sijui. Simu ya Mama haipatikani tangu juzi, bila shaka imeisha chaji na hataki kuomba umeme kwa watu. Nimekaa stoo kwa Mzee Kishor peke yangu, naandika juu ya robota. Siwezi kukaa nyumbani, na hapa pia siwezi kukaa, lakini angalau hapa kuna kelele.

Tumeshinda. Kikombe kiko hapa mbele yangu, Mzee Kishor ameshaweka pini ndani. Nimepewa na cheti cha mzungumzaji bora. Ketan alinibeba juu juu, na Mwanne, usishangae, alilia.

Acha nikuambie kilichotokea, maana nikimwambia mtu huku ataona najidai. Fainali ni upande mmoja tu, kwa kura, na sisi tulipata Taveya, nchi inayotaka mwanamke wake arudishwe. Nilikuwa naongea vizuri, majaji wananiangalia. Jaji wa katikati alikuwa wakili mmoja mstaafu, Mzee Onesphory, anaongea polepole kama mtu anayechagua mchele. Akainua kalamu kunisimamisha. Akasema, "Wakili, nimezisoma karatasi zenu zote. Huyu mwanamke mwenyewe anataka nini?"

Swali hilo hatukuwahi kulifanyia mazoezi, kwa sababu hakuna mahali Mhusika anapozungumza. Nchi mbili zinamvuta katika kila ukurasa na hakuna aliyeandika hata neno lake moja. Nikaikumbuka kanuni. Nikasema, "Mheshimiwa, kumbukumbu za shauri ziko kimya kuhusu jambo hilo, na upande wetu hauwezi kuongeza lisilokuwemo." Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kuandika. Mwanne ananiambia alama zetu ziliongezeka hapo.

Lilikuwa jibu sahihi kabisa na nilijichukia nilipolitoa. Nilikaa chini. Nikatazama saa ya ukutani, nikajua huko kwenu misa imeshaanza.

Nimemwambia Mwanne mwaka ujao sitasimama. Nitabaki chamani, nitawafundisha wa mwaka wa kwanza, lakini kusimama sitasimama mpaka nijue nikisema ndiyo ni mimi ninayesema. Amenijibu nipumzike kwanza.

Mama alikupa barua? Niandikie neno moja tu.

Sinta


Songea
9 Februari 2025

Mdogo wangu Sinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kutoka nyumba kubwa ya shirika, tumehamishwa kutoka unovisi, na barua zetu sasa hazifunguliwi. Hii ni ya kwanza kuandika bila kuliwaza jicho la Sista Gaudensia, na sijui kwa nini mkono umekuwa mzito kuliko zamani.

Mama aliondoka salama, nadhani ameshakusimulia zaidi ya yaliyotokea. Alicheza mpaka kiatu kikakatika, akacheza na kimoja. Mama mkuu alimpa kiti cha mbele. Kikohozi sikukisikia hata mara moja. Hongera kwa ushindi, nimefurahi kweli, nimewaambia masista wote.

Barua yako Mama alinipa baada ya misa. Usimlaumu. Aliipeleka getini siku aliyofika, wakamweleza kwamba aliye mafungoni hapelekewi kitu, na asubuhi ile aliniona kwa mbali tu nikiwa kwenye mstari. Kwa hiyo niliisoma uani, karibu na masufuria ya pilau, nikiwa nimeshavaa shela nyeusi ya waliokwisha kuweka nadhiri, watu wakinivuta huku na huku tupige picha. Mama akaniuliza, "Anasemaje mwenzako?" Nikamwambia anasalimia.

Nami nina nisilokuambia. Nilipokuomba pande mbili sikuhitaji hoja, Sinta. Hoja ninazo, nimeishi nazo miaka miwili. Nilitaka kujua wewe uko upande gani, na sikuwa na namna ya kuuliza bila kukufunga. Nikadhani ukiandika sana utateleza mahali nikuone. Nilisoma bahasha zote mbili nikikutafuta. Niligeuza kila karatasi kuangalia nyuma kama umeandika kitu pembeni. Kote ni Evarista hivi na Evarista vile, kama mtu aliyefariki mnayegawana vitu vyake. Nikasema basi, mdogo wangu ameshazoea. Ana Chama chake, ana watu wake, na mimi kwake ni shauri zuri la kufanyia mazoezi. Sikukasirika. Nilichukua upande uliotetewa vizuri zaidi na kwenda kumgongea mlezi mlango.

Hili la kutosimama tena mashindanoni usilifanye kwa ajili yangu. Simama. Una kipawa, na watu wenye shida halisi watakihitaji siku moja.

Wala sisemi kwamba ningerudi. Sijui, na sitaki kukudanganya kwa kukufariji wala kwa kukuumiza. Huenda ningebaki vilevile, na huenda nimefanya vizuri. Kuna siku huku ninapoamka na kuona ndivyo, na leo asubuhi ilikuwa mojawapo. Nadhiri hizi ni za mwaka mmoja, kisha tutaulizwa tena. Jumatatu ya Pasaka ndugu wanaruhusiwa kututembelea, na ningependa uje.

Lakini pale altareni, mama mkuu aliponiuliza kama nimekuja kwa hiari yangu, nilijibu ndiyo kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, nikiamini kabisa kwamba nyumbani hakuna anayeningoja.

Dada yako,
Evarista